Nafasi Moja Gereji ya Droscher

Jumatatu, 4 Machi

Leo saa ya chai mzee Kelvin Droscher ametutangazia jambo, akiwa ameegemea gari la daktari wa mifugo lililogongwa na kangaruu. Mwaka huu gereji yake itadhamini fundi mmoja apate ukaazi wa kudumu Australia. Mmoja tu. Gharama ni kubwa, kasema. Jina watalitoa kabla ya Pasaka, yeye na mkewe Maureen.

Mafundi wa viza ya muda tuko wawili. Mimi, Wilfredo Catacutan, mnyoosha bodi, mzaliwa wa mkoa wa Pampanga, mbali ng'ambo ya bahari, mtu ambaye bati lililokunjamana likimwona linaanza kunyooka lenyewe kwa heshima. Na Waisale, mpiga rangi kutoka Fiji. Jitu la miraba minne. Huimba nyimbo za kwaya ndani ya barakoa yake mpaka madirisha yanatetemeka. Mji mzima wa Murrabinna unampenda. Lakini mji wenyewe una baa mbili na maghala ya ngano, kwa hiyo kupendwa hapa si sifa. Ni ukosefu wa burudani.

Nimemweleza Jovelyn jikoni. Mke wangu anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa mjini, na kushinda na watu wasiosikia vizuri kumemzoesha kusema mambo kwa kifupi. Kasema: nenda ofisini kwa Maureen. Mwambie viza yetu inakwisha Agosti. Mwambie binti yetu Althea yuko sekondari, ana marafiki, ana shule yake. Muombe. Basi.

Hivyo ndivyo wafikirivyo watu wasio na mikakati. Ukiomba umejishusha bei. Isitoshe, Maureen ni mtu wa simu na risiti. Mwenye gereji ni Kelvin. Jina lililochorwa ukutani ni lake. Nitamshughulikia Kelvin.

Jumamosi, 9 Machi

Kelvin ana penzi moja nje ya gereji: kuviringisha matufe. Kila Jumamosi wazee wa hapa huvaa nguo nyeupe pe, husimama kwenye nyasi zilizonyolewa kuliko videvu vyao, na kuviringisha matufe meusi kuelekea kijitufe cheupe. Aliyekikaribia zaidi kashinda. Huo ndio mchezo, umekwisha. Kwetu watoto wangeuacha kabla ya kung'oa meno ya utoto.

Nimenunua suruali nyeupe. Nimejipeleka. Kelvin kafurahi kweli, kasema hakuwahi kupata fundi aliyependezwa na klabu yake. Mpango ulikuwa mwepesi: nicheze naye, nishindwe kwa adabu, nimsifu mkono wake. Nani hapendi kumshinda mtu, kisha asifiwe na huyo huyo aliyemshinda?

Tufe langu la kwanza likaenda taratibu likalala ubavuni mwa kijitufe. Mkosi mtupu. La pili likagonga la Kelvin likalitupa mtaroni. Wazee wakapiga makofi. Jasho likanitoka. La tatu nikalipeleka makusudi kwenye maua. La nne likaelekea meza ya keki, mama mmoja akainua miguu.

Kelvin akanitazama. Akauliza kama nimeumia mkono. Nikasema hapana mzee, ni wewe unayenitetemesha, hakuna wa kukufikia mkoa huu mzima.

Akaokota matufe yake, akayafuta moja moja kwa kitambaa. Akasema, bila kuniangalia, kwamba baba yake alimfundisha asimheshimu anayeshinda kwa hila. Lakini anayeshindwa kwa hila, hakumwambia amfanyeje. Labda mzee wa watu hakudhani kuna mtu kama huyo.

Watu wasio na shukrani. Na suruali sina pa kuivaa tena. Althea kaniuliza kama nimeanza kuuza aiskrimu.

Jumanne, 12 Machi

Nimetulia, nimefikiri. Kosa langu lilikuwa kujikweza mwenyewe. Mwenye akili hajikwezi. Humshusha mwenzake, akabaki juu bila kupanda.

Asubuhi Maureen kapita karibu na benchi langu na jalada mkononi. Kauliza kama ni kweli viza yangu inakwisha Agosti hii, maana kaona hivyo kwenye karatasi zake. Nikamwambia asihangaike, hilo nimeshalishughulikia zamani. Nikatabasamu kama mtu mwenye nyumba tatu. Fundi anayeonekana ana shida hununuliwa kwa bei ya kutupa. Maureen akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu, akaenda zake. Huyu ni mwepesi kama unga.

Mchana nikampata Kelvin peke yake chini ya gari. Nikachuchumaa. Nikamwambia kwa uchungu, kama mtu anayemsema ndugu yake, kwamba kuna gereji kubwa ya jiji la Adelaide inamsumbua Waisale kwa simu. Nikasema naogopa ataondoka mara tu akipata ukaazi. Nikasema sikutaka kuyasema haya, lakini moyo wangu uko kwenye gereji hii.

Spana ikamponyoka Kelvin kule chini, ikagonga sakafu. Nikajua sumu imeingia.

Ijumaa, 15 Machi

Imeingia, ndiyo. Imeingia kwa mlango mwingine.

Kumbe wilaya nzima hakuna mpiga rangi mwingine. Wa mwisho alistaafu, akahamia pwani kuvua samaki. Kelvin kakaa siku mbili bila usingizi, kasema mwenyewe, akiwaza magari yenye bodi zilizonyooka yakiwa yamepangwa uani bila rangi kama watu waliotoka kuoga wakaibiwa nguo. Leo kamwita Waisale mbele yetu sote. Kamwongezea mshahara. Kamwahidi chumba kipya cha kupigia rangi, chenye feni za kisasa na taa za kutosha. Na ile nafasi ya udhamini, kasema, ni yake, asiwe na wasiwasi, asisikilize simu za mtu.

Waisale hakuelewa lolote. Kauliza simu gani. Kelvin kampiga begani, kasema sawa, sawa, tusizungumzie hizo. Jitu likaanza kulia. Kasema wiki nzima alikuwa akiomba Mungu amsaidie ada za wadogo zake kule kwao, na Mungu kajibu.

Mungu! Jibu lile nililiandika mimi, chini ya gari, kwa magoti yanayouma.

Jumapili, 17 Machi

Waisale kaja nyumbani baada ya ibada na sufuria la samaki waliopikwa kwa tui la nazi, na mihogo. Kasema anashukuru pamoja na rafiki zake. Kasema Kelvin kamdokeza kwamba mimi ndiye niliyemsemea vizuri.

Jovelyn kanitazama kwa macho ambayo sikuyapenda. Nikajaza sahani. Samaki alikuwa mtamu, jambo lililoniudhi zaidi. Nimekula sahani tatu ili kumkomoa.

Jumatatu, 18 Machi

Kila pigo lina somo kwa anayejua kusoma. Somo la juzi liko wazi: Kelvin hasikii maombi, husikia hofu. Mpiga rangi wa kutishia kuondoka kapewa dunia. Je, mnyoosha bodi, mwenye mikono hii?

Nimeingia ofisini nikiwa nimechana nywele. Nikamwambia mzee, nami nimepigiwa simu kutoka Adelaide. Gereji kubwa. Wananitaka haraka. Sijawajibu, maana mimi ni mtu wa fadhila, lakini mtu ana familia. Kisha nikasubiri aanze kutetemeka.

Kelvin kaweka kikombe chini. Kaangalia dirishani. Nikahesabu moyoni mwangu: mshahara, benchi jipya la kunyooshea, pengine na gari la kutumia.

Akasimama akanipa mkono. "Sitamzuia mtu riziki yake, kijana," kasema. "Umenifanyia kazi nzuri. Nenda na baraka zangu."

Nilidhani anatania. Jioni tangazo la kazi yangu lilikuwa limebandikwa kwenye dirisha la duka la mikate.

Jumatano, 20 Machi

Nimejaribu kurudi nyuma kwa hadhi. Jana nikamwambia Kelvin pengine Adelaide wataahirisha. Kasema nisijali, yeye kanipa neno lake, hataniwekea kinyongo. Nikamwambia hewa ya mjini huenda isimfae mtoto. Kasema hewa ya Adelaide ni nzuri sana. Mtu huyu ana ukarimu wa kikatili.

Leo yamefika nyumbani. Mama yake Maureen anaishi kule kule anakofanya kazi Jovelyn. Maureen kaja kumsalimia mama yake, akamkumbatia mke wangu ukumbini, akamwambia tutawakosa sana.

Jovelyn kaingia na sare yake ya kazi, hakuvua hata viatu. Kasimama katikati ya sebule.

"Kazi gani Adelaide, Fredo?"

Nikaanza kumweleza kuhusu mkakati, kuhusu hofu, kuhusu bei ya mtu sokoni. Kanisikiliza mpaka mwisho. Hilo ndilo baya la Jovelyn, husikiliza mpaka mwisho.

"Ukiacha kazi kwa Droscher," kasema, "tuna muda mdogo wa kumpata tajiri mwingine, la sivyo tunafunga mizigo. Unalijua hilo. Althea juzi kachaguliwa timu ya shule ya mpira wa pete. Unataka nimwambie nini? Kwamba baba yake alikuwa anauza kitu ambacho hakuna aliyeulizia bei?"

Nikamwambia mambo ya sokoni yanahitaji subira. Kaingia chumbani akafunga mlango. Althea, ambaye nilidhani anasoma, kazima taa ya sebule akaniacha nimekaa gizani.

Wanawake wawili, na hakuna mwenye jicho la mbali.

Ijumaa, 22 Machi

Wameniandalia sherehe ya kuniaga. Nyama ya kuchoma uani, soseji za ukoo wa Droscher wanazojivunia kana kwamba babu yao aliwinda nguruwe kwa meno, na keki yenye nyundo iliyochorwa kwa sukari. Nikawaza kuugua. Jovelyn kasema nikiugua atawaita wote waje kunitazama kitandani.

Kelvin kahutubia. Kasema hakuna gari lililowahi kutoka mikononi mwangu likiwa na alama ya bonde kwenye bati. Kasema kuna watu mjini hawajui kwamba magari yao yaliwahi kuumia. Sikujua kama mzee huyu anaona vitu hivyo. Kisha wakanipa zawadi: sanduku la safari. Kubwa, jekundu, lenye magurudumu. Waisale akaimba wimbo wa kwao wa kuagana, watu wakafuta macho, na jirani yangu ambaye hunisema kila siku kwa sababu ya majani yanayoangukia upande wake naye akafuta macho. Unafiki wa hali ya juu.

Keki ilipokuwa inakatwa Maureen kaniita ofisini. Jovelyn kaja nyuma yangu, sahani mkononi. Kelvin kaingia baadaye kidogo, akafuatiwa na Waisale aliyekuwa anatafuta chumvi.

"Wilfredo," Maureen kasema, "nimepiga simu gereji zote kubwa za Adelaide ili nikutilie neno zuri. Nilitaka wakupokee vizuri. Hakuna hata mmoja anayekujua."

Nilikuwa na majibu mawili tayari. Mke wangu hakuyangoja.

"Hakuna kazi Adelaide," Jovelyn kasema. Sauti yake haikupanda. "Hakuna kazi popote ila hapa. Viza yetu inakwisha Agosti. Mtoto wetu anasoma hapa. Mume wangu ni fundi mzuri, mama, na ni mwongo mbaya, na kuomba kunamshinda kuliko kubeba injini."

"Agosti?" Maureen kageuka kwangu. "Si nilikuuliza? Ukaniambia umeshalishughulikia. Nikaandika kwamba huna haja, nikakutoa kwenye hesabu. Ungesema tu ndiyo, mwanangu, jina lingekuwa lako siku hiyo hiyo. Mambo haya ya viza nayaamua mimi. Kelvin hata hajui fomu zinafanana vipi."

Kelvin kakubali kwamba hajui.

Kisha kajikuna shingo. Kasema tatizo ni kwamba nafasi kashamwahidi Waisale, na yeye neno lake halirudishi. Nje watu walikuwa wanacheka kuhusu soseji. Niliangalia sakafu ya ofisi ile, mahali ambapo zulia limechanika, na nikafikiri jinsi nitakavyomwambia mama yangu Pampanga kwamba tunarudi. Mkono wa Jovelyn ulikuwa mgongoni mwangu. Sijui aliuweka lini.

"Mzee," Waisale kasema, bado ana kichupa cha chumvi, "viza yangu imebakiza miaka miwili. Mtangulize kaka Fredo. Nilikuambia hivyo siku ile ya chai."

"Ulisema," Kelvin kajibu.

"Basi nasema tena."

Maureen kachukua kalamu. Kelvin kanitazama, kafikiri, kisha kasema kazi yangu ipo, Jumatatu niwahi, gari la daktari wa mifugo limegongwa tena. Na kule kwenye nyasi za matufe, kasema, nisirudi.

Macho yangu yalilowa kidogo. Moshi wa nyama. Upepo ulikuwa unaelekea ofisini.

Jumamosi, 23 Machi

Nimeamka na akili safi. Nimeyapanga mambo kama yalivyotokea.

Bila uvumi wa simu, Waisale asingepata chumba kipya wala nyongeza, na mtu asiyeshiba hatoi nafasi yake. Bila Adelaide yangu, Maureen asingepiga simu. Asingepiga simu, asingeniita. Asingeniita, Agosti isingetajwa. Kila jiwe nililitupa mimi, na nyumba imesimama. Nimemweleza Jovelyn haya wakati anakaanga mayai. Kaniuliza kama nimemshukuru Waisale.

Nimemwambia hilo linahitaji uangalifu. Mtu hatoi kitu kama kile bure. Ana lake. Nitamchunguza.

Jovelyn katengeneza tambi za kukaanga za kwetu, sinia zima, karundika kamba wa baharini juu yake, na kunisukuma mlangoni nilipeleke. Waisale kalipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia asante. Nilisema haraka, lakini nilisema. Kasema si kitu, kaka, na kunikaribisha ndani nikala naye. Nyumba yake ina picha za ndugu zake ukuta mzima, wote wakubwa kama yeye, wote wanacheka. Nimechunguza. Sijaona kitu bado. Ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Alhamisi, 4 Aprili

Maombi yangu yaliondoka jana. Maureen kayatuma mwenyewe, akaja kuniambia kwenye benchi, akanipa kipande cha keki. Sasa ni kusubiri. Jovelyn kaanza kuongea kuhusu kupanda mndimu nyuma ya nyumba, mti ambao haupandwi na mtu anayehama. Althea kaliomba lile sanduku jekundu aende nalo kwenye mashindano ya mpira wa pete. Nimempa.

Leo saa ya chai Waisale kanivuta pembeni. Ana haya kama mwari, na kimo chote kile. Kasema hata yeye angependa kujua zamu yake itakuja lini, apate kuwaambia wazazi, lakini hajui jambo kama hili linaendewaje. Kasema mimi ni mtu wa mipango, nimshauri.

Moyo wangu ulilainika. Hatimaye kuna mtu anayetambua kipaji. Nikamkalisha juu ya tairi nikamfundisha. Nikamwambia kwanza, kamwe usiende ofisini kuomba, maana ukiomba umekwisha. Nikamwambia aanze kuchelewa kazini kidogo, aonekane ana mawazo. Apokee simu huku amewapa watu mgongo. Amsifie Maureen mpiga rangi wa mji wa jirani. Baadaye, kama mwezi wa nne au wa tano wa mpango, mimi mwenyewe nitapenyeza neno kwa Kelvin, chini ya gari, kwa wakati muafaka.

Kasikiliza kwa makini sana. Kasema asante, kaka Fredo, nimekuelewa. Akainuka, akafuta mikono, akavuka ua moja kwa moja mpaka mlango wa ofisi. Akabisha.

Nilimwona kupitia kioo. Kasimama mbele ya meza, mikono nyuma, kama mtoto wa shule. Kasema maneno machache. Maureen kafungua kalenda, kaweka alama, kamwashiria achukue biskuti.

Karudi kabla chai yangu haijapoa. Ni Julai, kasema. Mwaka mpya wa hesabu ukianza tu, jina lake la kwanza. Maureen kamwambia alikuwa anangoja tu amuulize. Akanipa nusu ya biskuti, akarudi kwenye chumba chake kipya, akaanza kuimba.

Nimeduwaa na kikombe mkononi. Hakuchelewa kazini hata siku moja. Hakumtisha mtu. Hakumsifia mpiga rangi yeyote. Kila nilichomfundisha kimeingia sikio hili kikatokea lile. Safari hii bahati imemwokoa, na itakuja siku itamwacha, na sitakuwepo kumshika mkono.

Nimemhurumia. Mtu mzima, miaka yote hii kwenye nchi ya watu, na bado hajajifunza kitu.